Siuzwi, Pijo la Badawi

Halikuwaka.

Nyinyi mliokaa barazani wiki nzima mkiapa kwamba litawaka, poleni. Na nyinyi mlioapa kwamba haliwaki ng'o, msianze kushangilia, maana mambo ndiyo kwanza yanaanza. Batuli binti Badawi alipiga stata mara ya pili, mbele ya nusu ya mji wa Malindi. Injini ikaguna, ikakohoa, ikanyamaza.

Kicheko kilianza nyuma kwa vijana, kikaja mpaka mbele kwa watu wazima wasio na haya.

"Mara ya pili!" akatangaza Bi Mwikali, mwamuzi mkuu. Huyu ni mkaguzi wa magari kutoka Mombasa, aliyeletwa makusudi kwa sababu hapa Malindi hana shangazi wala shemeji wa kumpendelea. "Imebaki mara moja tu. Nakwenda kwenye magari mengine, kisha narudi hapa. Nikirudi likakataa, linatoka uwanjani."

Akageuka akaenda zake na bendera yake kwapani.

Sasa, kwa wale waliofungia mahamri gazeti la wiki jana kabla hawajalisoma, nitasema mara moja na sirudii. Fundi Badawi wa mtaa wa Barani alikufa akaacha mke mmoja, binti mmoja, na gari moja: Pijo 403 jeupe, lenye umri wa kumzidi Batuli mwenyewe, lililoandikwa SIUZWI kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele. Mirathi ilipogawanywa, ndugu wa marehemu, Amu Fumo, alipata sehemu yake kama sheria inavyotaka, na hilo halina mjadala. Lakini gari halikatwi mapande likagawiwa watu. Amu Fumo akataka lote liende kwa Bwana Renzo, Mtaliano mwenye hoteli, ambaye amekusudia kulikata paa, kulijaza udongo na kulipanda maua liwe pambo la getini.

Batuli akasema thubutu! Wazee wa mtaa wakaingia kati, wakakubaliana hivi. Gari likifaulu majaribio yote matatu ya shindano hili la magari ya kale, kuwaka, kutulia na kwenda barabarani, Fumo ataondoa mkono wake, na Batuli atafungua upya gereji ya babake. Likishindwa hata moja, Renzo analichukua jioni hiyo hiyo.

Hayo ndiyo yaliyomweka Batuli nyuma ya usukani asubuhi ile, huku watu wakimcheka.

"Mwanangu, umejitahidi," alisema Amu Fumo, akainama dirishani na kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. "Watu wameona. Sasa shuka, tusiaibike zaidi."

"Imebaki moja, Amu."

"Moja ya nini? Ya kutuchekeshea watu?"

"Ya kuwasha."

Fumo akamwonyesha kwa kidole nje ya kamba za uwanja, ilikosimama pikapu ya Bwana Renzo. Nyuma ya pikapu ile kulikuwa na kamba nene ya kuvutia gari, magunia ya udongo, na miche ya maua ya zambarau ndani ya makopo. Ala! Mtu amekuja na maua kabisa, kana kwamba maiti imeshaoshwa!

Batuli aliyatazama yale maua, damu ikamchemka. Alikuwa ameanza kuogopa, sitawaficha. Hofu ile ikamwishia pale pale.

"Mwambie ayatie maji, Amu," alisema. "Yatanyauka yakimngoja."

Akashuka, akafungua boneti.

Kitsao alikuwa amekwisha kuinama pale, mikono imezama ndani. Huyu ni fundi kutoka Marafa, aliyefanya kazi na Badawi tangu wote wawili wana nywele nyeusi, na baada ya mazishi akakataa kwenda kutafuta kazi kwingine. Alichomoa plagi, akaigusisha chuma, akamwambia Batuli apige stata kidogo, ya kupima tu, isiyohesabiwa. Hakuna kitu.

"Petroli inafika," alisema Kitsao. "Kabureta safi. Ila moto hakuna. Hata cheche moja."

"Jana alasiri tulilileta hapa likiwa linanguruma."

"Linanguruma kabisa. Tukaliacha na wenzake wote, wapoe, wawashwe leo wakiwa baridi. Sasa, mwanangu, gari haliugui likiwa limelala. Mtu amelikaribia."

Neno hilo lilikuwa halijamtoka mdomoni vizuri, jirani yao Bi Hindu akalidaka. Bi Hindu ana masikio, wallahi, na mdomo wake hauko mbali na masikio.

"Mimi nilimwona!" alipiga kelele. "Alfajiri, kwa macho yangu haya! Yule Ndirangu, fundi wa Mzungu! Kasimama hapa, kaweka mkono juu ya boneti!"

Uwanja ukachafuka. Ndirangu, mtu wa bara, fundi wa magari ya hoteli ya Renzo! Nani mwingine? Kila mtu aliona imeeleweka. Na Batuli, kwa hasira zake, naye akaona imeeleweka. Akachukua spana kubwa kwenye sanduku, akapasua umati mpaka pikapuni.

"Umelifanya nini gari langu?"

Ndirangu alikuwa anakunywa chai ya rangi kwenye kikombe cha bati. Akakiweka chini polepole. "Mimi sijaguza hiyo gari, dada."

"Umeonekana!"

"Nimeonekana nikiiangalia. Sikatai. Mzee wangu alikuwa anaendesha kama hiyo huko Nyeri. Nilisikia inaenda kukatwa leo, nikaamka mapema nikaione ikiwa mzima."

"Mwongo! Mtu aamke alfajiri kuja kutazama gari?"

"Wewe si umelala kando ya hiyo gari miezi yote?" Ndirangu akamjibu. "Unaniuliza nini?"

Wanaume watatu wanne walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya mashati. Mmoja akasema mtieni adabu, mwingine akasema mvueni viatu kwanza, sijui viatu vina kosa gani. Ndirangu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye pikapu. Hakukimbia.

"Kama ni kiapo, naapa," alisema. "Nipeni Biblia, nipeni Msahafu, nipeni chochote."

Batuli alikuwa ameinua spana. Angempiga? Mimi sijui, na yeye mwenyewe hajui mpaka leo.

"Batuli!" Ilikuwa sauti ya Kitsao, inatoka kule kwenye gari. "Acha huyo mtu! Njoo unuse!"

Ninuse? Batuli aliwaambia wale wanaume wasimguse Ndirangu mpaka arudi, akakimbia. Kitsao alikuwa ameshika mkononi ile kofia ya distributa, ile nyeusi yenye nyaya nene zinazogawa moto kwa kila plagi. Kofia hiyo ilikuwa ya zamani na ilikuwa na ufa mwembamba, na kwa ndani ilikuwa imelowa chepechepe. Kitsao akamsogezea puani.

Batuli akanusa. Akanusa tena.

"Waridi," alisema.

"Waridi," akasema Kitsao. "Na Ndirangu yule ananuka grisi na sigara. Mimi pua yangu haijafa."

Marashi! Nani angekuja uwanjani alfajiri kumwaga marashi kwenye injini? Batuli alisimama akifikiri, na mara likamjia swali ambalo lilipaswa kumjia mapema kama asingekuwa na hasira. Akageuka.

"Bi Hindu. Wewe umemwona Ndirangu hapa alfajiri."

"Kwa macho yangu haya!"

"Na wewe alfajiri ulikuja hapa kufanya nini?"

Bi Hindu akafungua mdomo. Akaufunga. Akaangalia juu, akaangalia chini, akarekebisha buibui lake ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

"Mimi nilisindikiza tu," alisema hatimaye.

"Ulimsindikiza nani?"

Macho ya Bi Hindu yalimponyoka, yakaenda kwenye turubai la wanawake, yakatua kwa Bi Khamisa, mamake Batuli.

Lahaula! Bi Khamisa huyu, msomaji, ndiye aliyesema siku ya arubaini ya mumewe kwamba gari lile halitaki, halitazami wala halikaribii. Ndiye aliyemwambia bintiye kwamba mtoto wa kike hazeekei kwenye grisi. Leo mwenyewe alisema amekuja kutazama watu tu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kikapu chake mapajani, amekikumbatia kwa mikono miwili.

Batuli akaenda akapiga magoti mbele yake.

"Mama, mrashi uko wapi?"

"Mrashi gani?"

"Wa fedha. Wa harusi yako."

Bi Khamisa alikikumbatia kikapu zaidi. "Umo humu," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini marashi yamekwisha."

"Yamekwisha wapi, Mama?"

"Basi nifanyeje?" Bi Khamisa akapandisha sauti, kwa sababu mtu aliyeshikwa ndivyo anavyofanya. "Bwana harusi hatolewi nje bila udi na marashi, itakuwa gari la baba yako linalosimamishwa mbele za watu? Likatoke hivi hivi, kama la mtu asiye na kwao? Nimekuja na chetezo changu, nikalifukiza. Nikafungua boneti, si nimemwona mume wangu akilifungua miaka yote? Nikamwaga pale kwenye kofia yenye nyaya. Badawi akisema pale ndipo ilipo roho ya gari."

"Umemwaga mrashi mzima?"

"Na wa Bi Hindu."

Wanawake waliokuwa karibu wakajiziba midomo na leso zao. Batuli alitaka kupiga kelele. Alitaka pia kucheka. Alichofanya ni kumtazama mamake, macho yakamjaa machozi, asijue yametoka wapi.

"Si ulisema hutalikaribia gari hili?"

"Nilisema sitalikaribia wewe ukiniona," alisema Bi Khamisa.

Batuli akaushika mkono wa mamake akaubusu. Miezi yote ile alikuwa akidhani yuko peke yake ndani ya nyumba. Kumbe hakuwa peke yake, na furaha ya kulijua hilo ilimwingia vizuri, japokuwa gari lilikuwa bado bovu na bendera ya Bi Mwikali ilikuwa inazidi kusogea.

Lakini lilikuwapo deni la ulimi, na hilo lilipwe kwanza. Batuli akarudi pikapuni, akasimama mahali ambapo wote wangemsikia.

"Jamani, nyamazeni! Bwana Ndirangu hakugusa kitu. Marashi yameingia kwenye distributa, na yametoka nyumbani kwangu. Nimemsingizia mbele za watu, na mbele za watu namwomba radhi. Bwana Ndirangu, nimekukosea. Nisamehe."

Wale waliokunja mikono ya mashati wakaanza kuikunjua, mmoja mmoja, wakijifanya wanaona joto. Ndirangu akaokota kikombe chake, akamwaga chai iliyokwisha kupoa.

"Nimesikia," alisema. "Nenda uiwashe hiyo gari."

Amu Fumo hakungoja watu wapumue. Alikuwa amekwisha kumkimbilia Bi Mwikali, ambaye alikuwa ameinama juu ya Ostini moja ya mzee wa Watamu.

"Mwamuzi, umesikia? Wamekiri kwa midomo yao. Wameliharibu wenyewe. Litoke!"

Bi Mwikali hakuinua kichwa. "Kanuni zangu hazikatazi gari kunukia."

"Lakini haliwaki!"

"Zamu yao ikifika nitakuja nilione lisivyowaka. Bado haijafika. Tafadhali unaniziba mwangaza."

Huku nyuma kazi ilikuwa imepamba moto. Kitsao alipangusa nyaya moja moja. Batuli aliitoa ile kofia nyeusi akaikausha kwa upindo wa leso ya mamake, lakini unyevu ulikuwa umeingia katika ule ufa, na jua la asubuhi lilikuwa halijawa kali la kuukausha upesi.

"Nipe," alisema Bi Khamisa.

"Mama, wewe tena?"

"Nipe nimekwambia."

Akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na chetezo, na ndani ya chetezo makaa yalikuwa bado mazima chini ya majivu, maana alikuwa amepanga kulifukiza gari mara ya pili likishinda. Akayapuliza.

"Mbali na petroli, Bi Khamisa!" Kitsao akaruka. "Mulungu wangu, mbali! Tutafukizwa sote leo!"

Bi Khamisa akaenda akachutama kule kwenye mchanga mtupu. Akaishika ile kofia juu ya makaa kwa ncha za vidole, akiizungusha, akiinyanyua, akiishusha. Ndivyo alivyofukiza kanzu za mumewe na nguo za harusi za nusu ya mtaa, na hajaunguza nguo hata siku moja. Alilijua joto kwa mkono wake. Alipomrudishia bintiye, kofia ilikuwa kavu kabisa, ina uvuguvugu, na sasa ilinuka udi.

Kitsao akaibana mahali pake. Batuli akaingia ndani, akajaribu honi kupima betri. Honi ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa.

"Betri imekwisha," alisema Kitsao. "Stata imeimaliza."

Na pale pale, bila kubisha hodi, Bi Mwikali akatokea na bendera yake. "Zamu yenu. Mara ya tatu na ya mwisho."

"Kwa hendeli inaruhusiwa?" Batuli akauliza.

"Gari lilitengenezwa likiwa na tundu la hendeli?"

"Ndiyo."

"Basi inaruhusiwa. Mzungusho mmoja. Mwenye gari apige mwenyewe."

Amu Fumo akashika kichwa kwa mikono miwili. "Astaghfirullah! Mtoto wa kike na buibui lake azungushe hendeli mbele za wanaume! Badawi angekuwa hai angejificha wapi leo?"

"Baba ndiye aliyenifundisha, Amu," alisema Batuli, akiifunga leso ya mamake kiunoni. "Na wewe alikufundisha. Ukavunjika dole gumba."

Loo! Wazee waliokumbuka siku ile walicheka mpaka wakashikana mabega. Fumo akauficha mkono wake wa kulia ndani ya mfuko wa kanzu, lakini kila mtu alikijua kile kidole kilivyopinda.

Batuli akaichomeka hendeli kwenye tundu la mbele. Akainama. Ile hendeli ina hila moja, na anayeisahau inamrudia kwa nguvu za punda. Dole gumba lisizunguke chuma, likae upande mmoja na wenzake, mkono uweze kuachia. Aliusikia mkono wa babake juu ya mkono wake, ukilirudisha dole gumba mahali pake, kama alivyofanya siku nyingi pale Barani. Akaizungusha taratibu mpaka akaona pumzi ya injini imemkaza mkono.

Uwanja mzima ulisogea kwenye kamba. Hata vijana wa nyuma.

Batuli akavuta pumzi, akaivuta hendeli juu kwa nguvu zake zote.

Pijo likapiga chafya moja. Likatikisika. Halafu likanguruma!

Bi Hindu ndiye aliyeanza vigelegele, na alivipiga kwa nguvu kwa sababu ya madhambi yake. Wanawake wote wa turubai wakampokea. Kitsao alirukaruka mahali pamoja kama mtu aliyekanyaga siafu, na Ndirangu, kule pikapuni, alipiga kofi moja kabla hajakumbuka nani anamlipa mshahara. Bwana Renzo akamtazama. Ndirangu akajifanya anaua mbu.

"Kimya!" akasema Bi Mwikali. "Jaribio la pili."

Akaletewa glasi. Akaijaza maji mpaka juu kabisa, mpaka yakabaki yanashikilia ukingo, akaiweka katikati ya boneti huku injini inakwenda. Tone moja likimwagika, kwisha kazi. Hapo ndipo gari la Bwana mmoja kutoka Kilifi, lenye rangi ya kung'aa na viti vya ngozi, lilipomwagia mwenyewe suruali.

Bi Mwikali akapiga magoti, jicho usawa wa glasi. Maji yakatetemeka. Yakachora duara ndogo, duara ndani ya duara. Batuli alikuwa amekunja ngumi. Alikuwa ametumia majuma kurekebisha tapeti za injini ile, vile vyuma vidogo vinavyogonga vali, akifungua na kufunga, akilaza sikio, akikosana na Kitsao na kupatana naye. Sasa yote yamewekwa juu ya glasi ya maji.

Bi Mwikali akainuka, akaichukua glasi. Akaitazama boneti. Akapitisha kiganja juu yake, akakitazama kiganja.

"Pakavu," alisema.

Kisha, kwa vile jua lilikuwa limeanza kuchoma, akayanywa yale maji.

"Mawili yamepita. Bado barabara. Mnakwenda mpaka daraja la Sabaki, mnarudi hapa, bila injini kuzima, na abiria mmoja. Mwenzangu yuko darajani anangoja. Nikishusha bendera, gari liondoke. Lisipoondoka, limeshindwa, na sitaki maelezo. Abiria wako nani?"

Kitsao alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Mkono mwingine ukashika juu ya wake.

"Kitsao, baba, nipishe," alisema Bi Khamisa. "Kiti hiki ni changu."

Kitsao akapisha. Bi Khamisa hakuwa ameketi pale tangu siku ile walipompeleka Badawi hospitali, yeye akimshika mumewe kichwa, Batuli akiendesha huku analia. Aliingia polepole, akakusanya buibui lake, akafunga mlango. Mlango ule una ukaidi, lazima uinuliwe kidogo ndipo ufungike. Bi Khamisa aliuinua bila kufikiri.

Batuli akaingia upande wake. Mbele yao ilikuwa njia nyeupe baina ya kamba mbili, na mwisho wa kamba barabara ya kwenda Sabaki. Bi Mwikali akainua bendera.

Na hapo kanzu nyeupe ikaingia njiani.

Amu Fumo alisimama hatua chache mbele ya Pijo, akatanua miguu, akatanua mikono. Kofia ilikuwa imemwenda upande. Alikuwa ameona mawili yakipita, alikuwa ameona mbali kidogo, na alichokiona hakikumfurahisha: binti wa Badawi akirudi kutoka Sabaki, akifungua gereji pale Barani mchana kweupe, na yeye akienda kumwambia Bwana Renzo, aliyepeana naye mkono, kwamba ameshindwa na mtoto wa nduguye.

"Haliondoki!" alipiga kelele. "Sehemu yangu imo ndani ya gari hili, kwa sheria! Anayetaka kupita, anipite juu!"

"Fumo, ulitoa neno!" mzee mmoja akampigia kelele kutoka pembeni. "Ulilitoa mbele yetu!"

"Nimelirudisha!"

Zogo likazuka upya. Wengine walisema aondolewe, wengine walisema mkubwa hashikwi shati. Wote walikuwa wanamtazama Bi Mwikali.

"Hayo ni ya nyumbani kwenu," alisema Bi Mwikali, bendera ikiwa juu. "Bendera yangu haina ukoo. Ikishuka, imeshuka."

Kule pikapuni Bwana Renzo alimwashiria Ndirangu alete kamba. Ndirangu akasema haioni.

Batuli akaushika usukani kwa mikono miwili. Yule ni amu yake. Ndiye aliyemshika mkono siku ya mazishi, ndiye aliyemletea halua kila Idi alipokuwa mdogo, na ndiye huyu anayetaka kulijaza udongo gari la babake. Asipoondoka, limekwisha, maua yanapandwa leo leo. Akiondoka, amemfanya nini ndugu wa baba?

"Unangoja nini?" akauliza Bi Khamisa.

"Amu amesimama njiani, Mama."

"Namwona. Sina chongo." Bi Khamisa alikuwa anatazama mbele tu, kikapu mapajani. "Miaka yote ya ndoa yangu mtu huyu amesimama njiani. Baba yako alikuwa akizima injini, anashuka, anambembeleza. Kila mara. Mimi ninakaa hapa hapa, ninangoja."

Batuli akamgeukia. Mamake hakuwa akilia, wala hakuwa na hasira.

"Mimi nimechoka kungoja," alisema Bi Khamisa. "Tia gia."

Batuli akateremsha kioo chote, akatoa kichwa nje. Adabu aliyofunzwa hakuitupa hata siku ile.

"Shikamoo, Amu!"

Fumo hakuitikia.

"Amu, nakuomba unipishe!"

"Sipishi!"

"Basi mimi nimekwisha kuomba," alisema Batuli.

Akarudisha kichwa ndani, akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza. Injini ya Badawi ikabadilisha sauti. Fumo alisikia, akayumba kidogo, akakaza miguu.

Bendera ikashuka.

Batuli akaachia klachi.